Maombi ya Hosiana Pale Msamvu

Hosiana Swai na mimi tuliishi nyumba moja kwa miaka kumi na miwili, vyumba vyetu vikitazamana, katika nyumba ya Mzee Abasi pale Mji Mpya, Morogoro. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye, nilipohamia mwaka 1989, alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mablanketi, na mumewe, Eustace, alikuwa fundi wa boila kiwandani hapo hapo. Walikuwa Wachaga wa Machame, Walutheri, watu wa kuamka mapema na kufagia uwanja hata siku isiyokuwa zamu yao.

Mtoto wao wa pekee alifariki akiwa na miezi saba, huko huko Machame, na hawakupata mwingine. Ndugu za Eustace walipoanza kumshauri atafute mwanamke wa kumzalia, alifunga mizigo akaja na mkewe Morogoro, kwenye viwanda, mahali ambapo hakuna aliyewauliza habari za uzazi. Hosiana alinisimulia hayo tukichambua mchele, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia aliyopita kufika sokoni.

Kazi yake kiwandani aliipenda. Blanketi lililokwisha kushonwa pindo lililetwa mezani kwake, naye alilipapasa kwa viganja vyote viwili kutoka upande mmoja hadi mwingine, akitafuta mahali palipokuwa pembamba au uzi ulioachia. Mwaka 1992 kiwanda kilifungwa. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mablanketi ya nje yaliingia, laini, yenye picha za maua na simba, na mitumba ikajaa kila soko. Kwanza wafanyakazi waliambiwa waje siku tatu kwa wiki. Kisha wakaambiwa wakae nyumbani wasubiri mnunuzi. Walisubiri, na mnunuzi hakuonekana.

Hosiana akaanza kuuza chai na vitumbua Msamvu, kwenye njia panda ambapo mabasi ya Dodoma, Iringa na Dar es Salaam yalisimama kushusha na kupakia. Eustace alikaa nyumbani, na mwaka uliofuata miguu yake ikaanza kuvimba. Ilikuwa moyo. Alilazwa mwezi wa nane, na ndugu walioandikiwa barua Machame hawakuwahi. Hosiana alikaa peke yake kando ya kitanda, mchana akimpepea, akimgeuza, akimnywesha uji kwa kijiko.

Siku ya pili aliingia bibi mmoja mzee aitwaye Cecilia, Mkatoliki wa Mgeta, aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake wodi ya jirani. Bibi yule hakuwa na cheo chochote cha kanisa. Alipita kitanda hadi kitanda akiuliza kila mgonjwa jina lake, na kama angependa kuombewa. Aliyekataa alimwambia ugua pole, akapita. Kwa Eustace alirudi siku tatu mfululizo, akashika miguu yake iliyovimba na kusali kwa sauti ndogo, akimtaja kwa jina kama aliyezaliwa naye. Siku ya nne Eustace alifariki. Hosiana aliporudi nyumbani na matanga yakaisha, kitu alichokirudia mara kwa mara kilikuwa ni yule bibi. Alisema mumewe hakufa kama mtu asiye na mtu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alipokuwa na birika lake pale Msamvu, alianza kuwatazama abiria kwa namna nyingine. Palikuwa na watu waliokwenda au kurudi hospitali, wanawake waliobeba vitoto vilivyolegea, wazee waliokaa juu ya mabegi wakikodolea macho barabara ya Dar es Salaam. Alikuwa akimaliza kuuza, anamfuata mmoja, anamwamkia, anauliza jina. Kisha anasema, "Mimi ni Mkristo. Ukipenda, nitakuombea hapa hapa, kwa ufupi, usichelewe gari." Wengi walikubali. Waislamu nao, ambao ndio wengi katika watu wa mji na wa milimani, mara nyingi walikubali, wakisema dua ni dua. Wengine walikataa kwa adabu, mmoja mmoja kwa ukali. Alirudi nyumbani na majina yao kichwani, na nilimsikia jioni chumbani kwake akiyataja: Mwaisha wa Dumila mwenye mtoto wa degedege, na wengine.

Mzee Abasi, mwenye nyumba, alimwambia tu kwamba asifanye mkutano uwanjani pake. Hosiana alimwitikia, na hakufanya. Waliheshimiana hivyo hadi mwisho.

Kama angeendelea vile, nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini mwishoni mwa mwaka 1994 alifika Msamvu mwinjilisti aitwaye Rogers, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye suti ya mtumba iliyompendeza na kipaza sauti kilichofungwa kwenye betri ya gari. Kanisa lake lilikuwa jipya, chini ya turubai huko Kihonda. Siku hizo mahubiri ya barabarani yalikuwa yamezidi. Kila kona palikuwa na mtu anahubiri, Wakristo huku na Waislamu kule, na mara nyingine walijibizana. Rogers alimwona Hosiana akimwombea mama mmoja, akasimama pembeni mpaka akamaliza. Akamwambia ana karama, na karama haifichwi kwenye birika la chai.

Sidhani kama Rogers alikuwa mtu mwovu. Alikuwa na haraka. Alimweka Hosiana mbele ya watu, akawaita wagonjwa waje, na kila aliyeombewa aliulizwa kwa kipaza sauti anajisikiaje. Mtu aliyezungukwa na watu mia moja hawezi kusema anajisikia vile vile. Wakasema maumivu yamepungua, wamepata wepesi, na watu wakapiga makofi. Hosiana aliniambia kwamba mwanzoni aliona aibu. Kisha ikaja siku ambayo viganja vyake vilipata moto alipomgusa mgonjwa, akaamini. Akaanza kusema neno ambalo bibi Cecilia hakuwahi kulisema. Alianza kuwaambia watu, "Umepona."

Luqmani alikuja mwezi wa nne mwaka 1995. Alikuwa mkulima wa mboga kutoka kijiji kimoja juu ya Mlali, miaka ishirini na sita, ana mke na mtoto wa kike mdogo. Alikuwa na TB. Alikuwa amekwisha kumaliza miezi miwili ya sindano, na sasa aliteremka mara moja kwa mwezi kuchukua vidonge. Siku hiyo alikaa kwenye jiwe karibu na Hosiana akisubiri gari la kurudi, kikohozi kikimkatisha kila alipotaka kunywa chai.

Hosiana alimuuliza jina. Alimtajia, kisha akaongeza, "Lakini mimi ni Mwislamu, mama."

"Dini yako sijaiuliza, mwanangu," Hosiana alimjibu. "Nimekuuliza jina ili nimwambie Mungu ni nani anayeumwa."

Luqmani akacheka, akakubali. Rogers alipoona, alisogeza kipaza sauti. Watu wakakusanyika. Hosiana akaweka viganja vyake kifuani kwa yule kijana, juu ya shati, akahisi mbavu zilivyochomoza na joto likipanda mikononi, akaomba kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipomaliza, alimtazama usoni akamwambia, "Nenda kwa amani. Umepona." Luqmani alilia mbele za watu. Alipanda gari la Mlali akiwa bado anafuta macho.

Mwezi wa sita alirudi. Hosiana hakumtambua mara moja, kwa jinsi alivyonenepa. Mashavu yalikuwa yamejaa, na hakukohoa hata mara moja. Alikuwa amemletea kabichi mbili na fungu la karoti. Akiwa amechuchumaa karibu na jiko la mkaa alimweleza habari za nyumbani, na katikati ya maneno hayo akasema kwamba vidonge ameviacha tangu siku ile, kwa sababu haoni kwa nini mtu aliyepona aendelee kunywa dawa.

Hapa ndipo Hosiana alipopafikiria miaka yote iliyofuata. Alijua. Siku zile za wodini na mumewe alikuwa amewasikia wauguzi wakiwaonya wagonjwa wa kifua, kwamba dawa ya TB ukiiacha katikati ugonjwa unarudi na nguvu zaidi. Neno lilimfika mdomoni. Lakini Rogers alikuwa amekwisha kusikia, akamshika Luqmani mkono, akampandisha kwenye kreti la soda ashuhudie. Luqmani akasema yote, na la vidonge akalisema. Watu walipiga kelele za shangwe. Baadhi ya wanawake walilia. Hosiana alisimama pale na mwiko wa vitumbua mkononi, akanyamaza.

Jioni ile alikuja chumbani kwangu akaniambia kuna kijana wa Mlali amepona TB. Niliuliza kama amepimwa. Alinitazama kidogo, akasema nimtazame mwenyewe atakapokuja tena, niuone mwili wake. Na mimi sikuendelea. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na sikutaka kumvunja moyo mtu niliyemwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu azike. Hilo ni langu, nalisema ili lisibaki la kwake peke yake.

Luqmani hakuonekana tena Msamvu. Hosiana aliwaambia watu kwamba yuko shambani, ana nguvu zake.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumanne asubuhi, alikuja mwanamke mzee aliyejitanda kanga mbili zilizofifia, miguu ina vumbi la njia ya mlimani. Alikwenda kwa kila mama muuza chai akiuliza. Alipofika kwa Hosiana, Hosiana alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba taratibu, kwa ile sauti ya watu wa Uluguru inayopanda mwishoni. Kisha akauliza, "Ni wewe unayeombea watu?"

Hosiana akasema ni yeye.

"Mimi naitwa Chausiku. Ni mama yake Luqmani."

Hosiana alinisimulia kwamba kabla hajasikia neno lingine alikwisha kujua, na kwamba aliinama akaanza kufunika vitumbua, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta muda. Bi Chausiku hakumgombeza. Alieleza kwamba kikohozi kilirudi mwezi wa nane. Sasa mwanawe anakohoa damu, amekuwa mwepesi, na hataki kupelekwa hospitali. Mjomba wake, Kibwana, ambaye kwa watu wa kule ndiye mwenye sauti juu ya mtoto wa dada yake, alimbembeleza, akamtisha, na mara moja akataka kumbeba kwa nguvu. Luqmani alisema aliambiwa amepona. Akirudi kwenye dawa, atakuwa amemwambia Mungu kwamba hakumwamini, na ugonjwa utapata ruhusa. Alisema yule mama wa Msamvu akija kumwambia aende hospitali, ataenda.

"Basi nimekuja kukuchukua," Bi Chausiku akasema. "Fundo hili wewe ndiye uliyelifunga. Uje ulifungue."

Rogers alikuwepo. Alitaka waende wote, waende na kipaza sauti, wafunge siku tatu. Hosiana alimwambia hapana. Nadhani hilo lilikuwa neno la kwanza la hapana alilowahi kumwambia. Aliacha birika na jiko kwa muuza machungwa, wakapanda pikapu ya mboga iliyokuwa inarudi tupu, wakapita Mzumbe, wakashuka Mlali, na kutoka pale wakapanda mlima kwa miguu. Alikuwa hajawahi kupanda milima ile katika miaka yote aliyoitazama kutoka mjini. Njia ilikuwa na utelezi. Bi Chausiku alitangulia, mara kwa mara akisimama kumngoja.

Luqmani alilala kwenye mkeka ndani ya nyumba ya udongo iliyokuwa na dirisha dogo. Mkewe, Maimuna, alikuwa nje anatwanga, na aliendelea kutwanga bila kuinua kichwa wageni walipopita. Hosiana aliingia akakaa chini. Hakumkuta mtu yule aliyenenepa. Alikuta macho na meno. Luqmani alifurahi kumwona. Alijaribu kukaa, akasema, kwa shida, kwamba alijua atakuja kumwombea mara ya pili.

Hosiana akamwambia, "Sikuja kukuombea, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuambia umepona, na hilo sikuambiwa na Mungu. Nililisema mimi. Ulipokuwa na nguvu ni dawa ilikuwa inafanya kazi. Sasa amka twende hospitali."

Kijana alimtazama usoni. Kisha akauliza kama kwenda hospitali si kukosa imani. Hosiana akasema si kukosa imani. Akamuuliza tena, naye akajibu tena. Mara ya tatu Luqmani akasema haya, akageukia ukuta, na mjomba wake akaingia na wanaume wawili na machela ya miti. Walimbeba mpaka Mlali wakipokezana. Hosiana alishuka nyuma yao.

Luqmani alilazwa siku kumi na tisa. Daktari aliwaeleza wazi kwamba ugonjwa umekula pafu moja na nusu ya lingine, na kwamba dawa zilizofanya kazi mwanzoni huenda sasa hazimpati. Walianza sindano upya. Maimuna alibaki kijijini na mtoto. Bi Chausiku alilala kwenye veranda ya hospitali, kati ya wagonjwa wengine na jamaa zao, na Hosiana alileta uji asubuhi na mchana, kwa miguu kutoka Mji Mpya. Aliacha kabisa kuuza chai siku hizo. Rogers alikuja mara moja mpaka mlango wa wodi. Alizungumza na Hosiana nje, akamwambia asijihukumu, kwamba huenda yule kijana alikuwa na mashaka moyoni. Hosiana alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba asiseme hivyo mbele ya mama yake, akarudi ndani.

Nilikwenda kumtazama Luqmani Jumamosi mbili. Mara ya pili nilikuta Bi Chausiku upande mmoja anasoma dua kwa midomo, na Hosiana upande wa pili, mikono mapajani. Nilimuuliza tukiwa tunarudi kama hajaomba. Alisema hawezi. Alisema akifungua mdomo anaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kile kipaza sauti.

Siku ya kumi na nane, mchana, Luqmani alipata nafuu ya kusema. Alimwita Hosiana asogee. Alimuuliza jambo moja tu. "Mama, imani yangu ilipungua wapi?"

Hosiana alisema kwamba hapo ndipo alipopaswa kufa yeye. Alimshika mkono kijana, akamwambia, "Haikupungua popote. Wewe uliamini kila nilichokuambia. Kosa ni langu." Akalirudia, kwa sababu hakuwa na hakika kama amesikia. Luqmani alifumba macho. Kesho yake, saa tano asubuhi, alifariki, mama yake akimsomea shahada sikioni.

Alizikwa siku hiyo hiyo kijijini kwao, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Hosiana alipanda mlima tena pamoja na maiti. Alikaa na wanawake, nyuma kabisa, kitenge kichwani. Baada ya maziko Mjomba Kibwana alimwita pembeni. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba hawatampeleka popote wala kumshitaki, kwa kuwa mama wa marehemu amekataa, lakini asikanyage tena nyumba ile. Hosiana akasema amesikia. Alishuka peke yake, na alifika Mji Mpya usiku, nikamfungulia mlango.

Hakurudi kwa Rogers. Mwezi mmoja baadaye Rogers alihamia mji mwingine na betri yake, na sikuwahi kusikia habari zake. Hosiana alirudi kwenye birika, akauza chai kimya kimya. Watu waliomfahamu walimjia kuomba waombewe, na aliwaambia hana ruhusa. Walidhani ni ruhusa ya mchungaji. Usharikani kwake alikwenda kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho, na wakati wa ungamo, nilipokwenda naye siku moja ya Pasaka, alibaki amepiga magoti wakati wenzake wote wamekwisha kukaa.

Katikati ya mwaka 1996 Bi Chausiku alikuja tena. Safari hii hakuuliza kwa wauza chai. Alikuja moja kwa moja mpaka uwanjani kwa Mzee Abasi, na nyuma yake alikuwa Maimuna, amejifunika mdomo kwa kanga, anakohoa. Alikuwa amepimwa asubuhi hiyo. Alitakiwa kuchomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, na kutoka kule mlimani haikuwezekana kwenda na kurudi kila siku. Hawakuwa na ndugu mjini.

"Simleti umwombee," Bi Chausiku alisema, bado amesimama. "Namleta alale kwako, umpeleke kwenye sindano. Mjomba wake Luqmani hajui nimekuja kwako. Mtoto nimebaki naye mimi."

Hosiana alisema ndiyo kabla hajamaliza. Alimpa Maimuna kitanda, yeye akalala kwenye mkeka karibu na mlango, dirisha likiwa wazi usiku na mchana kama nesi alivyoagiza. Niliogopa ugonjwa, nilisema wazi kuwa naogopa. Mzee Abasi pia alisita, halafu akasema mgonjwa hafukuzwi. Kila asubuhi niliwaona wakitoka, Hosiana mbele, Maimuna nyuma kwa hatua kumi hivi. Walirudi vile vile. Hosiana alisimama mbele yake mpaka ameze kidonge na kunywa maji, halafu akatia alama ya kalamu kwenye kalenda ukutani. Alikuwa mkali kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwona kwa jambo lolote. Siku mvua iliponyesha na Maimuna akasema amechoka, Hosiana alimvalisha koti la marehemu mumewe, wakaenda.

Ilipita wiki ya saba ndipo Maimuna alipomuuliza. Walikuwa uwanjani wanaosha vyombo, na mimi nilikuwa mlangoni kwangu, nikasikia yote.

"Siku ile Luqmani alipokuambia ameacha vidonge," Maimuna alisema, "kwa nini hukumwambia arudie?"

Hosiana aliweka sufuria chini. Nilitegemea aseme habari za Rogers na watu na makofi, na angekuwa hajadanganya. Hakusema hayo.

"Nilitaka iwe kweli," alisema. "Nilikuwa nimemzika mtoto na nimemzika mume. Nilitaka mmoja tu awe amepona kwa mikono yangu. Nikamtumia mume wako kwa hilo."

Maimuna aliendelea kusugua sahani ile ile kwa muda. Kisha akasema, "Alikuwa anakusifu sana nyumbani. Nilikuwa nachukia." Lakini kuanzia kesho yake walitembea sambamba kwenda kwenye sindano.

Miezi miwili ilipokwisha, Maimuna alirudi kijijini na vidonge vyake. Aliteremka kila mwezi kuchukua vingine, na kila mara Hosiana alikuwa anamngoja mlango wa kliniki ili ahesabu naye vilivyobaki. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, alipimwa akaambiwa amemaliza dawa na ni mzima. Hosiana alinipa habari hizo bila furaha ya kuonekana. Maimuna aliolewa tena baadaye, upande wa Mgeta, na hawakuonana sana. Kama alimsamehe, hakuwahi kumwambia, na Hosiana hakuwahi kuuliza.

Baada ya hapo Hosiana aliacha Msamvu. Aliomba akubaliwe kukaa kwenye benchi la kliniki ya kifua, asubuhi, bila kulipwa, na nesi mkuu akamkubalia kwa kuwa alikuwa amemzoea. Alikuwa akiwauliza wagonjwa majina yao. Aliwauliza wametoka wapi, nani yuko nyumbani, nani atawakumbusha dawa. Waliokaa mbali aliwatafutia pa kulala kwa watu wa makanisa na misikiti, akibisha hodi popote, na Mzee Abasi alimsaidia kuzungumza na wenzake. Mgonjwa akimwomba amwombee, alimwambia anywe kwanza vidonge vyake mbele yake. Kisha alisogea akamwombea, sauti ndogo kiasi kwamba aliyekaa kiti cha pili hakusikia. Ilimchukua karibu miaka miwili kufika hapo. Neno kupona hakulitamka tena. Nilimsikia mara nyingi akilizunguka.

Alifariki mwezi wa tatu mwaka 2001, kwa presha, akiwa anaanika nguo. Ndugu walikuja kumchukua wakamzike Machame kando ya mtoto wake, na kabla ya safari ilifanyika ibada fupi pale uwanjani. Mzee mmoja wa usharika alisoma historia ya marehemu: alizaliwa lini, alifunga ndoa na nani, alifanya kazi kiwanda gani, alikuwa mwombaji hodari aliyewahudumia wagonjwa wengi. Wagonjwa wengine walikuwepo, wamesimama kwenye uzio. Habari ya Luqmani haikusomwa. Walioishuhudia tangu mwanzo tulikuwa mimi na Mzee Abasi, na tulitazamana tukanyamaza.

Nimeiandika sasa kwa sababu Hosiana mwenyewe hakuificha. Kila aliyekuja kumwambia ana karama alimkalisha chini, akamsimulia habari ya yule kijana wa Mlali tangu mwanzo, akamtajia jina lake.